Spesa za Magurudumu kwa Magari Yaliyoshushwa: Mwongozo wa Kupima Ubora kwa Barabara za Usambara

Spesa ni bamba la mviringo, kwa kawaida la aluminiamu, linalowekwa kati ya habu, yaani kitako cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu, na rimu inayobeba tairi, ili gurudumu lisogee nje kwa kiasi cha unene wa bamba hilo. Hutumiwa zaidi katika magari ya michezo yaliyoshushwa, yale ambayo springi zake za asili zimeondolewa na kufungwa nyingine fupi zaidi, na matumizi hayo yana sababu mbili. Ya kwanza ni ya lazima: gari linaposhuka, magurudumu ya magari mengi huinamia ndani kwa upande wa juu, na tairi pana huanza kugusa shokapu au mikono ya chini ya gari. Ya pili ni ya umbo, kwa kuwa gari lililoshushwa huonekana limekamilika pale ukuta wa tairi unapolingana na ukingo wa madigadi. Sababu zote mbili ni halali, ila zote humfanya mnunuzi atazame unene na mng'ao wa spesa, ilhali ubora wake umo katika nyuso ambazo, spesa ikishafungwa, hakuna jicho linaloziona.

Katika Milima ya Usambara jambo hili lina uzito wa pekee. Barabara inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, takriban kilomita 33 za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, humpandisha msafiri zaidi ya mita 900, na kona zake hufuatana kwa ukaribu kiasi kwamba mzigo wa gari huhama kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia na kurudi karibu bila kupumzika. Wakati wa kushuka, breki hupata moto, moto huo hupenya kwenye habu na kuifikia spesa, nayo aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Anayeiacha lami hiyo Soni na kushika njia ya Bumbuli na Mponde, kwenye mashamba ya chai, hukutana pia na vipande vya udongo mwekundu ambavyo wakati wa masika hugeuka tope linaloshika kila pengo. Spesa inayotosha kwa gari la matembezi ya jioni katika mtaa wa mjini kama Masaki haijathibitisha lolote kuhusu njia ya Mponde.

Kabla ya kupima ubora, hesabu moja inafaa kueleweka. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaokaa kwenye habu. Kadiri ofseti inavyokuwa kubwa, ndivyo gurudumu linavyokaa ndani zaidi. Spesa huipunguza ofseti kwa unene wake, hivyo rimu yenye ofseti ya 45 ikiwekewa spesa ya milimita 15 hukaa kama rimu yenye ofseti ya 30, na gari lililofungwa spesa mbili za namna hiyo kwenye ekseli moja huongezeka upana wa milimita 30 kati ya tairi na tairi. Toyota Altezza, ambayo ina uzito wa takriban kilo 1,350, hubeba wastani wa kilo 340 kwa kila gurudumu, na kuusogeza mzigo huo nje kwa milimita 15 huongeza takriban nyutoni-mita 50 za nguvu ya kupinda kwenye beringi hata gari likiwa limesimama. Beringi nzima hulivumilia ongezeko hilo, lakini ile iliyokwisha kuanza kunguruma haitalivumilia, na kwa hiyo hali ya beringi ndiyo kitu cha kwanza kukaguliwa, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kigezo kikuu cha spesa ni jinsi inavyokaa. Katikati ya habu kuna shingo, yaani duara lililochomoza ambalo huingia katika tundu la katikati la rimu na kuliweka gurudumu sawasawa. Spesa bora ina tundu la ndani linaloikumbatia shingo hiyo bila kulegea, na upande wake wa nje ina shingo yake yenyewe, ya kipimo kilekile, ambayo rimu huikalia. Vipimo hivi havikadiriwi kwa macho: Toyota nyingi za abiria za ukubwa wa kati zina shingo ya milimita 60.1, Subaru 56.1, Nissan nyingi 66.1, Honda nyingi 64.1, na Mitsubishi na Mazda nyingi 67.1. Spesa ya Nissan yenye tundu la 66.1 huingia katika habu hiyo ya Toyota kwa urahisi unaopendeza, na urahisi huo ndio ubaya wake, kwa sababu milimita sita zilizobaki wazi humwachia fundi kazi ya kuliweka gurudumu katikati kwa kutegemea nati pekee, na usukani utatetemeka mwendo ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, mara nyingi baada ya fedha kupotea bure katika kubalansi tairi zisizo na kosa lolote.

Wapo wanaoamini kwamba shingo ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kazi ya shingo ni kuweka katikati. Mzigo hubebwa na msuguano kati ya nyuso zilizobanwa. Stadi, yaani kijiti cha chuma chenye nyuzi kinachochomoza kwenye habu, ikiwa na unene wa milimita 12 na nati yake ikakazwa kwa nyutoni-mita 103, kiasi kinachotumika kwa magari mengi ya Toyota, hubana kwa nguvu ya takriban tani nne, na tano kwa pamoja hubana kwa takriban tani ishirini. Nguvu hiyo ina maana pale tu nyuso zinapogusana kikamilifu, na hapa ndipo spesa nzuri hutengana na spesa mbaya.

Jaribio la kulipima hilo halihitaji mashine. Spesa hulazwa juu ya kipande cha kioo kinene, kioo cha kujitazamia kikifaa, kisha ukingo wake hubonyezwa kwa kidole upande mmoja baada ya mwingine: ikigonga kioo hata kwa mlio mdogo, haiko bapa. Iliyotulia hupimwa kwa ukanda wa karatasi nyembamba unaosukumwa chini ya ukingo kuizunguka yote, na mahali karatasi inapopenya ndipo penye bonde. Baada ya hapo unene hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia chenye taya mbili, katika sehemu sita au nane za mzunguko. Tofauti inayozidi sehemu tano za mia za milimita inatosha kuikataa spesa, kwa kuwa kosa dogo karibu na habu hukua linapoufikia ukingo wa tairi. Kisha spesa hupinduliwa na kukaguliwa ukingo wa tundu la ndani. Shingo ya habu haisimami wima kabisa pale inapoungana na uso wake. Pana mviringo mdogo kwenye shina, na spesa iliyotengenezwa na mtu anayeijua kazi huwa imekatwa mshazari ukingoni mwa tundu ili kuupisha. Spesa isiyo na mshazari huo hukaa juu ya mviringo bila kuugusa uso wa habu. Fundi hukaza nati akahisi zimeshika, na baada ya kona chache za Soni spesa hujisaga, hushuka mahali pake, na nati zote tano hulegea kwa pamoja. Mkato huo wa milimita moja au mbili ni alama inayostahili kuaminiwa kuliko nembo yoyote iliyochorwa kwa leza.

Kuhusu malighafi, aluminiamu ya spesa huja kwa namna mbili: iliyomiminwa kwenye kalibu, na iliyofuliwa kisha ikakerezwa kwa mashine. Iliyomiminwa hujulikana kwa chembechembe, vitundu mithili ya ncha ya sindano, mstari wa kalibu ubavuni, na mara nyingi rangi nzito iliyopakwa kuficha hayo yote. Iliyokerezwa huonyesha mistari myembamba inayozunguka kituo kimoja, na kona zake ni kali ila hazikati. Watengenezaji wanaoheshimika hutumia aluminiamu ya daraja la 6061-T6, au 7075-T6 ambayo ina nguvu karibu mara mbili ya hiyo ya kwanza. Rangi kwenye uso wa kukalia ni kasoro hata kama bamba lenyewe ni zuri, kwa kuwa tabaka la rangi hubonyea kwa joto na mtikisiko, na unene uliopotea huwa ni mkazo uliopotea. Utandu mwembamba mgumu unaopatikana kwa njia ya umeme ndio unaofaa. Spesa za Eibach na H&R, kampuni mbili za Ujerumani, hufaa kutumiwa kama kipimo cha macho hata na asiyekusudia kuzinunua, kwa sababu aliyewahi kuishika moja mkononi hapotezwi tena na bamba la kalibu.

Nyuzi za stadi zina kanuni yake. Nati inapaswa kuingia kwenye stadi kwa kina kisichopungua unene wa stadi yenyewe, yaani milimita 12 kwa stadi ya milimita 12. Toyota, Honda, Mitsubishi na Mazda nyingi zina hatua ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, hivyo nati inapaswa kuzungushwa mizunguko isiyopungua minane. Subaru na Nissan zina hatua ya 1.25, na idadi hiyo hukaribia kumi. Mizunguko huhesabiwa kwa mkono wakati wa kufungua. Spesa nyembamba inayochomekwa tu juu ya stadi za asili huila idadi hiyo kimyakimya, na ikizidi milimita tano stadi ndefu zaidi huwa ni za lazima. Spesa nene, ambayo hufungwa kwenye habu kwa nati zake na kuwa na stadi zake za nje, huepuka tatizo hilo na kuleta jingine: stadi za asili zisichomoze nje ya uso wake, la sivyo rimu itakaa juu ya ncha za chuma, isipokuwa kama nyuma ya rimu kuna vishimo vya kuzipokea. Stadi za spesa yenyewe zitafutwe alama ya 10.9, inayoonyesha daraja la nguvu ya chuma, zenye 8.8 au zisizo na alama ziachwe.

Spesa zenye matundu mengi marefu, zinazouzwa kuwa zinafaa kila gari, hazihitaji kupimwa, kwani matundu hayo yamekwisha kuula uso wa kukalia. Kupanga spesa mbili kwenye gurudumu moja nako ni kosa lisilo na utetezi. Subaru Impreza inahitaji tahadhari ya ziada, kwa sababu nyingi zina matundu matano ya nati kwenye mzunguko wa milimita 100 ilhali STI za kuanzia 2005 zina milimita 114.3, na spesa ya gari moja isilazimishwe kwenye jingine.

Unene unaohitajika hupatikana kwa kupima, na kuiga gari la mwingine hakumsaidii mtu. Vidonge vya udongo laini wa mfinyanzi hubandikwa ndani ya ukingo wa madigadi, gari likapakiwa watu wanne na mizigo, usukani ukakatwa hadi mwisho pande zote mbili, kisha gari likapitishwa taratibu juu ya tuta. Unene wa udongo uliobaki bila kubonyezwa ndiyo nafasi halisi iliyopo. Ikumbukwe kwamba spesa huurefusha mkono ambao gurudumu huibana nao springi, hivyo springi huwa kama imelainika kidogo na gari huzama zaidi likiwa na mzigo, jambo ambalo wengi hugundua madigadi yamekwisha kukwaruza tairi. Kwa njia ya kwenda Mponde, milimita tano zinatosha kuiokoa tairi na shokapu na kumi na tano zinatosha kwa umbo. Zaidi ya ishirini hazifai, kwa kuwa usukani huanza kuvutwa na kila shimo na kila mfereji wa tope.

Kufunga hukamilisha au huharibu yote yaliyotangulia. Uso wa habu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, kwa sababu gamba la kutu lenye unene wa kucha hufanya kazi ileile mbaya ya spesa isiyo bapa. Ukungu na mvua za Usambara huvifanya aluminiamu na chuma vilane mahali vinapogusana, hivyo mafuta mazito hupakwa kiasi kidogo sana kwenye shingo pekee. Nyuzi za stadi hubaki kavu, maana nati yenye mafuta huteleza na kuivuta stadi kupita kiasi. Nati hukazwa kwa msalaba, kwa spana ya toki, yaani ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, na tabia ya kusimama juu ya spana kwa uzito wa mwili haina nafasi hapa. Kila masika yakiisha, spesa zifunguliwe na udongo uliojipenyeza uoshwe. Nati za spesa mpya hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na safari ya kwanza ya kupanda Lushoto na kurudi hukamilisha kilomita 66: gari likifika Mombo lipumzishwe hadi rimu zipoe, kisha nati zote zipitiwe upya kwa spana ya toki kabla ya kushika barabara ya Korogwe.