Kanga na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Tandaza kitenge na kanga mezani, uvitazame kwa jicho la fundi. Kitenge ni nakshi inayojirudia: mwenye duka anapima, anakata, kazi inakwenda kwa cherehani. Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na juu kidogo ya pindo la chini, ndani ya kisanduku chake, jina, yaani msemo wake. Ukiipitishia mkasi ovyo umeiua. Ni kitu kizima, urefu wake kama mita moja na nusu, upana mita moja na kidogo.

Kwangu mimi, kazi kubwa imefanyika kwenye jina. Zamani liliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini, na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilibeba alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa sana katika kueneza desturi ya kuandika jina kwenye kanga. Kiuchapaji hakuna ajabu, ni mstari mmoja tu wa herufi kubwa. Ujanja uko mahali ulipowekwa. Kanga ikifungwa kiunoni, maneno yanaangukia nyuma. Mvaaji hayaoni, anayasoma anayemfuata njiani, au jirani aliyebaki barazani. Ujumbe umefika na mdomo haujafunguliwa. Akiulizwa, jibu analo: alipenda rangi.

Halafu sentensi yenyewe. "Hata ukinichukia la kweli nitakwambia." Nani anamchukia nani? Mchoraji hakusema, na amefanya vema kutosema. Kanga hiyohiyo mmoja atamnunulia shoga yake kwa utani, mwingine ataivaa makusudi apite mbele ya mlango wa mke mwenza. Kiwanda kimechapa maelfu ya nakala zinazofanana, lakini kila mnunuzi ana mtu wake kichwani.

Doti nayo inauzwa vipande viwili vikiwa vimeungana, kingo hazijapindwa. Ni kazi ambayo kiwanda kingeweza kuimaliza. Mnunuzi ndiye anayekata na kupinda, na hapo ndipo anapoamua kama atavaa vyote au kimoja kitakwenda kwa mama yake.

Kwa kipimo hicho cha kumwachia mvaaji nafasi, kanga za kampeni zenye sura ya mgombea katikati ya mji ni ubunifu dhaifu, hata zikichapwa kwa rangi safi. Msemaji anajulikana, anachotaka kinajulikana, mvaaji amebakiwa na kazi ya kuwa ukuta wa tangazo. Nyingi ninazoziona zimeshageuzwa matambara ya jikoni.

Kosa jingine katika kanga ni la malighafi. Pamba nyepesi hulainika kila ikifuliwa, hunywa jasho, na fundo lake hushika, ndiyo maana hubeba mtoto mgongoni. Poliesta hung'aa dukani na bei yake inashawishi, lakini fundo huteleza. Mama aliyelazimika kumpandisha mtoto kila baada ya hatua chache akielekea kituo cha daladala hairudii, hata jina liwe tamu vipi.