Apply ama applied: chokaa tuliyoikosa juu ya silabusi ya Kingereza



Kila mutu aliyesoma hapa Lubumbashi anaijua ile silabusi ya Kingereza. Si ya fakilte. Ni ile inayouzwa kwenye meza za fotokopi, pembeni ya biki na uniti za simu, fotokopi ya fotokopi, herufi zimeanza kufutika upande wa kushoto. Jina la mutunzi halionekani tena. Juu imeandikwa kwamba ukiimaliza utapata Kingereza cha kazi. Mi niliinunua nikiwa mwaka wa pili, na mwezi huu nimeisoma tena yote, kwa sababu mudogo wangu anatafuta stage kwenye kampuni moja ya mine kule Kolwezi na ameanza kuitumia. Nilipomuona ameipigia mustari na biki nyekundu fasi zilezile nilizopigia mi, moyo ulistuka. Kwa hiyo acha niseme wazi kile ninachofikiri juu ya kitabu hiki, hasa zile sura mbili ambazo kila mutu anazipenda: sura ya subjonktifu na sura ya misemo.

Nianze na hasara yangu mwenyewe.

Mi ni mutu wa udongo. Nyote mulio wa kilimo munajua udongo mwekundu wa huku kwetu: una asidi, pH yake mara nyingi iko chini ya 5.5, aluminiyumu inakamata fosfori, na mahindi yanakaa na njaa hata ukiwa umetia mbolea ya feza nyingi. Dawa yake ni chokaa, tena chokaa ya mapema, itangulie mvua, ipate muda wa kufanya kazi ndani ya udongo. Katika mradi mumoja niliofanyia kazi (sitautaja), ripoti zilikuwa zinatumwa kwa Kingereza kwenye ofisi iliyo inje ya inchi. Nikaandika hivi: "The team insisted that farmers applied lime before planting." Nilitaka kusema kwamba tulikaza walimaji watie chokaa mbele ya kupanda. Nilisoma tena mara tatu. Niliiona nzuri.

Yule aliyeisoma kule alielewa jambo lingine kabisa: timu inahakikisha kwamba walimaji walikwisha kutia chokaa. Na kwa Kingereza hakukosea, njo vile nilivyoandika. Basi chokaa ikafutwa kwenye liste ya vitu vya kununua, kwani nani ananunua kitu kilichokwisha kutiwa? Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikaja, tukapanda ndani ya udongo mubichi. Mahindi yakaota, na kisha wiki chache majani yakaanza kugeuka rangi ya zambarau pembeni. Mulimaji mumoja, baba ya watu, aliniuliza kwa heshima: "Monsieur l'agronome, ile chokaa mulisema iko njiani, ilipita njia gani?" Sikuwa na jibu la kumupa. Nilimuambia paka kwamba kulikuwa shida ya makaratasi.

Sasa angalia: kwa Kiswahili hakuna mutu angepotea. Kambo yangu hajakaa hata siku moja kwenye banki ya masomo, lakini ukimuambia "balitia" na ukimuambia "batie", anajua kwamba ya kwanza ni habari na ya pili ni kazi ambayo bado. Herufi moja ya mwisho, -e, inatosha. Njo hiyo subjonktifu, wandugu. Si jambo la wakubwa wa sarufi. Ni namna ya kutamka kitu ambacho hakijawa, lakini mutu anakitaka, anakiomba, anakiamuru. Tunaitumia tangu tulipojua kulia "mama anipe".

Kwa nini basi niliandika "applied"? Kwa sababu silabusi iliniambia hivyo. Inasema, kwa herufi kubwa: kitenzi cha kwanza kikiwa cha wakati uliopita, cha pili nacho kirudi nyuma. Ni concordance des temps ya Kifaransa iliyovalishwa koti la Kingereza. Kanuni hiyo ni ya kweli unapotoa habari: "He said that he was ill." Lakini kisha maneno kama insist, demand, recommend, suggest, propose, request, wakati maana yake ni kutaka jambo lifanyike, kitenzi cha pili kinabakia uchi kabisa. Hakichukue -s, hakirudi nyuma, na "is" inakuwa "be". "She recommends that he apply lime." "She recommended that he apply lime." "They demanded that the field be limed." Jana, leo, kesho, ni sawa tu. Na sisi je? Alisema aende. Anasema aende. Atasema aende. Hiyo "aende" haitikisiki. Mutunzi wa silabusi alikuwa na mufano huu ndani ya kinywa chake kila siku, na akaenda kuomba Kifaransa musaada.

Tena Kifaransa chenyewe alikiomba vibaya. Sura yake ya subjonktifu ni ile liste tuliyoimba kwenye secondaire: bien que, avant que, pour que, quoique. Ameitafsiri kila moja, na kwa kila moja ameweka kitenzi uchi: "although he be tired", "before he come". Mutu wa Kitwe au Ndola ukimuambia hivyo leo atafikiri unasoma Biblia ya zamani. Kingereza cha sasa kinasema "although he is tired", "before he comes", bila neno. Mupaka wa Kasumbalesa uko chini ya kilomita 100 kutoka hapa, madereva wanavuka kila siku wakisema Kingereza, na silabusi haijawasikiliza hata mara moja.

Nisizidishe sifa za Kiswahili, lakini. Kuna fasi kinatupoteza pamoja na Kifaransa, mukono kwa mukono. "Nataka uende", "je veux que tu ailles", na sisi wote tunaandika "I want that you go". Hapana. Kitenzi want hakipendi ile "that". Kinasema "I want you to go". Tell nacho vilevile: "tell him to come". Silabusi, kwa bahati mbaya, ina "I want that" mara ine kwenye mazoezi yake. Nilizihesabu.

Na kuna jambo lingine lenye kunifurahisha, ambalo sikuliona popote ndani ya kitabu. Watu wanalalamika kwamba subjonktifu ya Kingereza haionekani: "I suggest that they go", unajuaje kama ni subjonktifu ama hapana? Ni kweli, inaonekana hasa kwa he, she, it, kwa kitenzi be, na pale wakati uliopita unapokataliwa. Lakini vitenzi vyetu vilivyotoka Kiarabu vinafanya namna ileile. Kurudi, kubariki, kufikiri, kusamehe: kwa "arudi" hakuna -e ya kuongeza, na hakuna mutu anayeshindwa kuelewa "nilimuomba arudi". Mwisho wa neno umenyamaza, fasi yake ndani ya sentensi inasema.

Kwa wenye haraka: Waingereza wengi wenyewe wanazunguka kwa kuweka should. "The team insisted that farmers should apply lime." Neno moja hilo lingetuletea chokaa. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kingereza ya mwaka 1926, aliona subjonktifu inakufa. Haikukufa, kwa upande wa Marekani, ile ya kisha insist na recommend ilipata nguvu zaidi. Na ripoti nyingi tunazozisoma kwenye kazi zinafuata huko.

Juu ya "If I were", silabusi inasema "if I was" ni kosa siku zote, na hapo inakuwa kali bila kujua. Ndiyo, unapowaza kitu kisicho cha kweli, kwa maandishi ya kazi weka were. Hata Beyoncé mwaka 2008 aliweka were kwenye jina la wimbo wake juu ya kuwa mwanaume. Lakini ukisema "If he was at the site yesterday, he saw the pump", hapo was iko sawa, kwa sababu labda kweli alikuwa huko. Kwetu: "kama alikuwa" na "kama angekuwa". Nani anavichanganya hivyo viwili? Hakuna.

Sura ya misemo nitaipita haraka, kwa sababu ndani yake hakuna mengi. Ni misemo makumi sita, kila moja na Kifaransa chake, bila kusema nani anaisema, kwa nani, wapi. Ya kwanza ni ile ya mvua ya paka na imbwa, ambayo sijaisikia kwa mutu yeyote kwenye kazi, hata siku ambayo mvua ilituziba njiani saa tano. "Kick the bucket" imeandikwa "mourir", basi. Rafiki yangu mumoja aliitumia kwenye imeli ya rambirambi, kwa mukubwa wake wa kazi aliyefiwa na baba. Kama kitabu kingeandika "casser sa pipe", angejua hapo hapo kwamba haisemwi mbele ya wafiwa. Tena msemo hausafiri mutupu. Jaribu kumuandikia mukaguzi wa hesabu kwamba polisi wa barrière aliomba "beans for the children". Sisi tunacheka, tunajua madesu ya bana ni nini. Yeye ataandika kwamba mulitoa musaada wa chakula.

Lakini kosa kubwa la silabusi ni kwamba sura hizi mbili hazijuani. Kumbe misemo njo fasi subjonktifu ya zamani ilipojificha. "Come what may." "So be it." "Far be it from me." "Long live." Na ile tunayoisikia kila siku ya Mungu kwa wahubiri wanaotafsiriwa: "God bless you." Haina -s, kwa sababu si habari, ni ombi. "God blesses you" ni Mungu anakubariki; "God bless you" ni Mungu akubariki. Mutu akielewa hilo moja, anaweza kuacha kukariri nusu ya liste.

Nitasema na mazuri yake, nisionekane na chuki. Mazoezi ya tarakimu na ya simu ni mazuri sana, na mi nilijifunza humo kusoma hesabu kwa sauti bila kugugumia. Bei yake mwanafunzi anaiweza. Na mutunzi, popote alipo, alifanya kazi ambayo sisi wenye lisansi hatukuifanya.

Jana jioni mudogo wangu ameniletea barua yake. Imeanza: "I want that you give me a stage." Nikamueleza kwamba want haipendi that, na kwamba kwa Kingereza stage ni jukwaa la wanamuziki, kwa hiyo anaomba wamupandishe akaimbe. Tumeketi mupaka umeme ukakatika, tukaendelea na taa ya simu. Sentensi ya mwisho sasa inasema: "I would ask that my application be considered." Amenitazama. "Yaya, be? Si is?" Nikamuuliza: unaomba ifikiriwe, ama unawapa habari kwamba inafikiriwa? Akaandika be. Asubuhi ameituma. Jina la fisyé, nimeona kisha, lilibakia "Stage letter".