Fundi na Kucha za Paka

Saa nane za usiku, mwezi wa Julai, Kalenga hulala imejikunyata. Baridi hupanda kutoka Mto Ruaha Mdogo, hupita chini ya milango bila hodi, na mwenye blanketi moja hujua kwamba amekosea hesabu. Ndipo huanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya kidogo, kama mtu anayesikiliza kama umeamka. Kisha kwaru tena, safari hii kwa mikono miwili.

Huyo ni Shume, paka wetu, dume la kijivu lililopewa jina hilo kabla hatujajua kwamba lingelistahili. Mgeni wangu mmoja kutoka Dar es Salaam alipousikia mlio huo aliketi kitandani akisoma dua mpaka alfajiri. Asubuhi hakusema kitu, ila aliniuliza kwa upole kama nina ugomvi na jirani yeyote. Huku kwetu, kitu kinachokwaruza mlango usiku hakipewi nafasi ya kuwa paka tu.

Mlango wenyewe ni wa mninga, na mninga siku hizi si mti wa kuchezea. Sehemu yake ya chini ilikuwa imechimbika kama shamba lililopitiwa na plau. Nilijaribu kila nililoshauriwa. Nilirusha kandambili, Shume akajifunza kuikwepa. Nilimmwagia maji, akasubiri nikauke mimi. Nilipaka pilipili kwenye ubao, nikasahau, nikapangusa macho kwa kidole kile kile, na usiku huo sisi wawili tukakesha, mmoja ndani na mwingine nje. Kumfukuza haikuwezekana. Wahenga walishasema paka wa nyumba haingwi, na zaidi ya wahenga kuna gunia la mahindi stoo. Mkoa wa Iringa ni wa mahindi, na palipo na mahindi panya hawahitaji mwaliko. Sumu ya panya siitaki nyumbani: panya akiila, paka akamla panya, unazika wote wawili.

Basi nikamwita fundi seremala, mzee mwenye karakana kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Wageni hupita hapo kwa magari yao ya juu wakitafuta makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na mara nyingi yeye ndiye anayewaelekeza, randa mkononi. Nilimwambia nataka mlango upimwe, aje na bati la kufunika chini.

Alifika akasalimu, “Kamwene,” nikajibu “Kamwene,” akaweka mkoba wake chini. Futi hakuitoa. Alipiga magoti, akapitisha kiganja polepole kwenye ile mikwaruzo, kuanzia juu kushuka chini, macho yakiwa pembeni kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akauliza maswali matatu.

“Akinyoosha mgongo anafika wapi?”

Nilimwonyesha. Karibu na kiuno changu.

“Anakwaruza akitaka nini?”

Nikasema anataka kuingia ndani, kuna joto.

“Na mnamfungulia?”

“Hapana,” nikasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado ananitazama: “Akizidi sana.”

“Basi, Mwalimu, hilo darasa ni lako. Wewe ndiye uliyemfundisha kuzidi.”

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, sijawahi kukaguliwa kwa muda mfupi namna hiyo.

Nilipotaja tena bati, akacheka. “Hapa Kalenga mwaka 1894 palikuwa na ukuta wa mawe, Mjerumani akaupiga mizinga akaingia. Wewe unadhani bati litamzuia anayetaka kuingia?” Mfano wake una kasoro, maana Shume hana mzinga, lakini nilielewa. Fundi wa kawaida angenipigia bati, angechukua hela yake, na paka angehamia mlango wa jikoni. Huyu aliona kwamba mlango haukuwa mgonjwa.

Paka hakwaruzi kwa utundu. Ukucha wake hukua kwa magamba, na gamba kuukuu lazima livuliwe. Ukichungulia chini ya mahali anapokwaruzia utayaokota, membamba, yamepinda kama maganda ya mbegu. Halafu kati ya vitanga vyake kuna tezi za harufu, kwa hiyo kila mkwaruzo ni sahihi: hapa ni kwangu. Halafu tena ni mazoezi ya mgongo, kama mkulima anavyojinyoosha akiamka. Mambo yote matatu hayazuiliki. Kuna nchi ambako watu waliamua kuyazuia kwa kisu, wakimkata paka kifundo cha mwisho cha kila kidole ili makochi yabaki salama. Uingereza imepiga marufuku, na jimbo la New York likafuata mwaka 2019. Nilipomsimulia fundi, alinyamaza kidogo akauliza: “Halafu panya anamkamata na nini?”

Kazi yenyewe, nguzo ya Shume ya kukwaruzia, ilimchukua alasiri moja, na niliketi kwenye kigoda nikiitazama yote. Alichagua kipande cha paina ya Mufindi, kilichonyooka, unene wa paja la mtoto. Akakipiga randa, si ili king'ae, bali kamba isije ikakuta nundu. Hakukipiga msasa. Nikamuuliza mbona, akasema ulaini ni kwa ajili ya mkono wa mtu. (Neno hilo msasa hunifurahisha kila mara: kabla ya kuwa karatasi ya dukani lilikuwa jina la mti, ambao majani yake makavu yenye kukwaruza ndiyo mafundi wa zamani waliyosugulia mbao.) Chini akachonga ulimi kwa patasi, akautia katika kitako cha mninga kizito kilichobaki kwenye kazi ya kitanda cha mtu. Akakisukuma kwa mguu. Hakikutikisika. “Kikiyumba mara moja tu, harudi tena,” alisema. “Paka haamini kitu kinachoyumba.”

Kisha kamba. Alikataa ile ya plastiki niliyokuwa nayo, alitaka katani. Mkonge si wa kwetu kwa asili. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Mwaka uliofuata mizinga ikafika Kalenga. Kutokana na miche hiyo yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa katani, na kutokana na mashamba hayo, baada ya safari ndefu, kilo moja ya kamba ikafika duka la vifaa Iringa mjini.

Alianza chini. Ncha aliipigilia ndani ya ufa ili kichwa cha msumari kisije kikadhuru kidole cha mnyama. Mimi nikaivuta kamba ikaze, yeye akazungusha, na kila baada ya mizunguko mitatu alichukua kipande cha ubao akaigonga kamba kuelekea chini, tap, tap, mpaka pasipite hata wembe. Gundi alitia tone mwanzoni na tone mwishoni. Ikiwa nyingi, alisema, harufu yake itamfukuza. Urefu aliupima kwa kiuno changu, akaongeza kiganja kimoja. Mikono yake haikuharakisha popote. Nimeona watu wakichonga mimbari kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Nguzo tuliisimamisha pale pale, kando ya mlango uliokwaruzwa. Uani asingeifuata.

Sehemu iliyobaki ilikuwa yangu, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya fundi. Kabla ya kulala, nicheze na Shume kwa kamba yenye unyoya mpaka aheme, ndipo nimpe dagaa wake wa mwisho, maana paka akishawinda na kula hujilamba na kulala. Barazani nimwekee boksi lenye gunia, baridi isiwe hoja. Akigusa nguzo, apate kichwa cha dagaa papo hapo. Akigusa mlango, apate kimya. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa njia hiyo hiyo, mlio mdogo na kipande cha ndizi, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Nilijiambia kwamba kama panya amefuzu, mlaji wake hawezi kushindwa.

Usiku wa kwanza alikwaruza zaidi. Wa pili akaongeza na kulia. Wa tatu mke wangu aliinuka, akashika komeo, nami nikamsihi kwa jina la watoto wetu wote asifungue, kwa sababu ukifungua usiku wa tatu umemfundisha kwamba bei ni usiku tatu. Wa tano niliamka saa nane kwa mazoea nikasikia kwaru, kwaru, lakini sauti ilikuwa nyingine, kavu na nzito, ya kucha ndani ya katani. Nikalala tena.

Fundi aliporudi kuurekebisha mlango, aliziba mikwaruzo ya juu kwa unga wa mninga na gundi. Ya chini kabisa, iliyochimbwa Shume alipokuwa bado mdogo, aliiacha bila kuniuliza, na mimi sikumkumbusha.

Kamba ya kwanza ilidumu miezi kumi na mmoja. Ya pili tumeizungusha Jumapili iliyopita, mimi nikivuta, yeye akigonga.