Mkono Unaousoma Uso

Mwombe mtu akunje ndita, kisha mtazame kwa utulivu. Kuna ambaye nyusi zake hukimbiliana hadi zikakaribia kukutana, kuna ambaye hushuka tu, na kuna ambaye ule wa kulia huvuta kuliko wa kushoto na mwenyewe hana habari. Daktari aliyeiva katika sindano za uso huanzia hapo, na hukaa hapo muda mrefu kuliko atakaokaa na sindano. Humsemesha mgonjwa, humchekesha, humwambia ainue nyusi kama aliyeshtuka. Kisha huibana ngozi ya katikati ya nyusi kwa gumba na kidole cha shahada, apime unene wa msuli uliolala chini yake. Naipenda sehemu hii kuliko zote, maana ndiyo inayomtenga fundi na mchomaji.

Sindano maarufu zaidi, ile ambayo wengi huiita Botox, ni sumu ya botulini, inayotengenezwa na bakteria wanaoweza kuota katika chakula cha kopo kilichoharibika. Katika miaka ya 1970, Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliijaribu kama dawa ya makengeza, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1989. Mambo ya uzuri yalikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1987, mjini Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akiitumia kwa wagonjwa ambao kope hujifunga zenyewe. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba safari ile hakuchomwa katikati ya nyusi. Akichomwa pale, alisema, uso wake hutulia. Jean alimpelekea habari hiyo mumewe, Alastair, daktari wa ngozi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1992, na idhini ya kutibu ndita ilitolewa Marekani mwaka 2002. Nawaheshimu wawili hawa kwa sababu malalamiko ya mgonjwa hayakupita sikioni mwao bure.

Tuisogelee kazi yenyewe. Kichupa kikifika huonekana kama kitupu. Dawa ni utando mwembamba uliokaukia chini. Daktari humimina maji ya chumvi taratibu, huzungusha kichupa bila kukitikisa kwa nguvu, kisha huvuta. Kwa ndita za katikati ya nyusi, kipimo cha kawaida cha Botox ni yuniti 20 katika vituo vitano, kila kimoja yuniti 4 ndani ya mililita 0.1. Dysport, yenye sumu ya aina hiyohiyo, hupimwa kwa yuniti zake, 50 kwa eneo lilelile, na anayechanganya hesabu hizo mbili hafai kushika sindano. Juu ya nyusi, sindano huingia sentimita moja au zaidi kutoka ukingo wa mfupa wa jicho. Dawa ikipenya hadi kwenye msuli unaoinua kope, kope itaninginia kwa wiki kadhaa, na hakuna dawa ya kuibatilisha sumu hiyo.

Paji la uso lina mtihani wake. Msuli wa pale ndio pekee unaoinua nyusi. Mtu mzima ambaye kope zake zimeanza kuwa nzito huutegemea bila kujua. Ukiunyamazisha wote, nyusi zinamwangukia machoni. Fundi mzuri humwachia mikunjo kidogo kwa makusudi. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kwenye wiki ya pili, na hudumu miezi mitatu hadi minne.

Lakini botulini hutuliza tu msuli. Shavu lililobonyea kwa kupungukiwa mafuta na mfupa halihusiani nayo. Hapo huja asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 kutoka macho ya ng'ombe. Ngozi yetu inayo tayari, ila mwili huivunja upesi, ndiyo maana wakemia huziunganisha nyuzi zake ziwe jeli ya kudumu miezi mingi: nzito kwa mfupa wa shavu, laini kwa midomo. Mkono mbichi hukimbilia kujaza mfereji wa kutoka puani hadi pembe ya mdomo. Mkono uliokomaa huinua shavu lililo juu yake, na mfereji hupungua wenyewe.

Hatari ya jeli hiyo ni mishipa ya damu. Ile ya puani na ya katikati ya nyusi imeungana na ya jicho, na jeli ikiingia humo inaweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo fundi husukuma kidogo kidogo, macho kwenye ngozi. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa kukosa damu haujitokezi upesi, hivyo hubonyeza na kuachia, ahesabu damu inarudi baada ya muda gani. Kimeng'enya cha hayaluronidazi, kinachoyeyusha jeli hiyo, lazima kiwe karibu.

Ipo pia asidi ya polilaktiki, ambayo huuchochea mwili ujijengee kolajeni yake kwa miezi. Marekani iliiidhinisha mwaka 2004 kwa watu wenye VVU waliokonda mashavu. Afrika Mashariki tunakujua kukonda huko: dawa ya VVU iitwayo stavudini iliwaachia wengi wetu alama hiyo, hadi Shirika la Afya Duniani lilipohimiza iachwe mwaka 2009. Siwezi kuuita urembo mtupu ufundi unaomrudishia mtu uso ambao majirani hawausomi tena kama cheti cha hospitali. Ila asidi hii haiyeyushwi; ikikosewa, imekosewa.

Kwa uso unaosumbuliwa na ndita, ningechagua botulini. Kwa uso uliobonyea, ningeanza na hayaluroniki, kwa kuwa inaweza kufutwa. Mwenye asili ya makovu yanayovimba aseme mapema, achomwe matundu machache iwezekanavyo. Na wewe unayefikiria kwenda, taka kichupa kifunguliwe mbele yako, uliza hayaluronidazi iko wapi, kisha muulize daktari ni sehemu gani ya uso wako asingeigusa. Akikosa jibu la swali hilo la mwisho, ondoka.