AmigaOne X1000: kiini kimoja kinalala

Bandugu, miye naheshimu watu wanaokataa kufuata kundi. Mwaka 2005 Apple ilitangaza kuacha PowerPC na kuhamia Intel; wapenzi wa Amiga wao walibaki. Sawa. Lakini AmigaOne X1000 nailaumu.

Ndani iko prosesa PA6T ya viini viwili. AmigaOS 4 inatumia kimoja tu. Kingine kinalala, na mnunuzi alikilipia.

Upande wa picha njo kazi iko nyingi zaidi. Karte ya Radeon unaipata dukani, lakini programu inayoiamsha imeandikwa kwa prosesa za x86. Mashini ya PowerPC inapaswa kwanza kujifanya x86 ili karte iamke. Kisha inahitaji dreva yake yenyewe, ju ile ya Windows haisaidii kitu. Na waandishi wa hizo dreva ni wachache sana.

Kosa si kuwa wadogo. Kosa ni kutengeneza chuma mbele ya kujua programu itakifikia wakati gani. Miye ningeweka prosesa ya kawaida, nilipe watu wa dreva.

Weye unayesoma informatiki, usiulize tu nguvu ya mashini. Uliza: nani anaiandikia dreva?