Kinanda Hakijui Ngumi

Kengele ya Frere Town, Mombasa, ile iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake, haina siri: ukiivuta kwa nguvu, italia kwa nguvu. Iliwekwa iwaonye watu waliokombolewa utumwani kwamba majahazi ya wawindaji wao yanakaribia. Kinanda cha mabomba ni kinyume chake. Kiponde kitufe kwa ngumi au kiguse kwa ncha ya kidole, mlio ni uleule, kwa sababu kitufe hakigongi chochote. Kinafungua tu njia ya hewa iliyosukumwa na mvukuto kuingia kwenye bomba.

Basi mpiga kinanda huwekaje mkazo? Huuiba kwenye kimya. Noti iliyotangulia huikata kabla ya wakati wake, pengo jembamba likapita, na ile inayofuata ikatua sikioni kana kwamba imegongwa. Au huirefusha kidogo noti anayoitaka, akafidia kwa kuzifupisha jirani zake. Ufundi wote uko katika kuachia kitufe, wala si katika kukibonyeza.

Kwetu pwani jambo hili si pambo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiuhamisha, barabara ya kupita magari inageuka barabara ya sawasawa. Tenzi nyingi za Kiingereza, hasa zile za mistari ya silabi nane na sita, hufunga kila mstari kwa pigo zito. Weka neno “Bwana” mwishoni hapo, na usharika mzima utaimba “bwaNA”. “Mungu” naye anakuwa “muNGU”. Tumezoea mpaka hatusikii tena kasoro, lakini mgeni anayejifunza lugha husikia.

Shirika la wamisionari la CMS lilipoanzisha Frere Town mwaka 1875 chini ya William Salter Price, lilikuwa na kielelezo mkononi: Freetown ya Sierra Leone, ambako waliookolewa na manowari za Uingereza walishushwa, wakasomeshwa, wakafundishwa tenzi. Wengi wa wale wa Sierra Leone walirudi Lagos na Abeokuta, na ibada yao ikarudi nao. Huko tatizo likawa kubwa kuliko letu. Kiyoruba ni lugha ya toni: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha safari. Tuni ya Kiingereza inayopanda mahali neno linaposhuka inaweza kumgeuza mume wa mtu kuwa jembe, tena mbele ya madhabahu.

Ekundayo Phillips, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Lagos tangu 1914, hakuridhika na viraka. Alitunga nyimbo upya, tuni ikifuata kupanda na kushuka kwa maneno. Katika kwaya yake alikuwamo kijana aliyezaliwa mwaka 1905, Fela Sowande.

Sowande alikwenda London mwaka 1934 kusomea uhandisi wa ujenzi. Kilichomlisha ni jazi: piano, kisha kinanda cha umeme cha Hammond, akimsindikiza mwimbaji Adelaide Hall. Wapo wanaokipita kipindi hiki haraka, kama aibu ya ujanani. Mimi nakiona ndicho chuo chake. Mcheza dansi hangoji; mguu wa mpigaji ukichelewa kwenye besi, ukumbi mzima unajikwaa. Mkazo wa wakati, usio na ngumi, Sowande aliupimia miguuni mwa watu kabla ya kuupeleka kanisani. Mwaka 1943 akapata cheo cha juu cha chuo cha wapiga kinanda cha Uingereza, FRCO, na kuanzia 1945 hadi 1952 alikuwa kwenye kinanda cha ibada cha Kingsway Hall, mjini London.

Kazi zake za kinanda, kama “Obangiji” na “Oyigiyigi”, zimejengwa juu ya tuni za Kiyoruba. Hapa ndipo ujanja ulipo. Waimbaji wameondolewa, maneno hayapo, lakini mwinuko na mteremko wa toni umebaki, kwa hiyo ajuaye lugha huendelea kuyasikia maneno ndani ya mabomba. Chini yake Sowande anatandika mwafaka wa sauti uliojaa nusutoni, wenye harufu ya kumbi za usiku, na tuni haitikisiki.

Kiswahili hakidai toni, kinadai mkazo tu, na mpiga kinanda wa huku kwetu ana dawa yake bila kubadilisha noti hata moja: kwenye “Bwana” ya mwisho wa mstari, akate kabla ya “Bwa”, aikalie silabi hiyo kidogo, kisha aiachie “na” mapema. Kwaya itamfuata bila kuambiwa. Wazee wa viti vya mbele, nadhani, watachukua Jumapili mbili tatu.