Tuanze na Mafuta Yasiyochomwa

Tarehe 25 Mei 2023, Boeing 787 ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikitumia mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya kibayolojia ya kampuni ya Eni ya Italia. Safari hiyo ilistahili sifa. Lakini sisi wa Kasese, Uganda, ambako Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika na kuiharibu hospitali ya Kilembe, tuna haki ya kuuliza: hewa ukaa ilipungua wapi hasa?

Haikupungua kwenye injini. Kilo 1 ya mafuta ya ndege, yawe ya kisima au ya mmea, ikiungua hutoa zaidi ya kilo 3 za hewa ukaa, kwa kuwa kaboni yake huungana na oksijeni. Nafuu ilipatikana mapema zaidi, shambani, mmea ulipoinyonya kaboni hiyo kutoka hewani. Mafuta yake hutiwa haidrojeni kiwandani hadi yafanane na mafuta ya taa ya ndege, kisha huchanganywa na ya kawaida. Kanuni zinaruhusu hadi nusu kwa nusu.

Tangu 2022 Eni inakamua mbegu, zikiwemo za mbarika, huko Makueni, Kenya, na mafuta yake husafirishwa hadi Gela, Italia. Mbarika ikipandwa kwenye ardhi iliyochoka, hesabu inakubali. Msitu ukifyekwa, kaboni iliyokuwa mitini na udongoni hupanda angani, na nafuu inaliwa kabla ndege haijaruka. Kwenye miteremko yetu ya Bwera, kahawa na migomba ndiyo inayouzuia udongo usiporomokee mto Lhubiriha. Mashamba hayo yasiguswe kwa ajili ya matangi ya ndege. Mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia katika mahoteli ya Kampala na Nairobi yanafaa zaidi, kwani hayadai shamba jipya.

Kuna hatua nyingine isiyohitaji mbegu wala kiwanda. Nchi isiyo na bandari kama yetu hupata mafuta kwa gharama kubwa, hivyo ndege inayokuja Entebbe hushawishika kujaza ya kurudia huko inakotoka. Uzito huo una bei yake: kwa makadirio, kila saa ya safari huchoma asilimia 3 hivi ya mafuta ya ziada. Tani 10 zikibebwa kwa saa 5 kutoka Dubai, karibu tani 1.5 zinateketea kwa kubeba mafuta tu, na hewa ukaa inazidi tani 4. Shirika likijaza kiasi cha safari na akiba ya usalama, upotevu huo unakwisha.

Ndege mpya nazo zinasaidia. Airbus A330-800 za Uganda Airlines zina injini zinazokula mafuta kidogo kuliko kizazi kilichotangulia, lakini zikiruka na viti vitupu, faida hiyo inayeyuka.

Usafiri wa anga hutoa takriban asilimia 2.5 ya hewa ukaa ya dunia, kwa hiyo si wenye ndege peke yao walioyeyusha barafu ya Rwenzori, ambayo tangu 1906 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hata hivyo, sehemu yao ni yao. Kila shirika linalotua Entebbe litangaze kila mwaka limechoma mafuta kiasi gani kwa kila abiria, na limebeba ya ziada kiasi gani. Takwimu hizo tayari zimo katika vitabu vyao. Kinachotakiwa ni kuziweka mezani.